Kibuyu Katika Hema la Bia

Jumapili, 5 Oktoba

Msiba. Najmo amepiga simu. Mama yake anataka kuiona biashara yangu. Jumamosi hii, kwenye tamasha la chakula, divai na bia pale Northfield, ambako mimi, kwa maneno yangu mwenyewe, huwa nina kibanda.

Sina kibanda. Sijawahi kuwa nacho. Nina kazi ya kukunja maboksi kiwandani Saltley, na chumba hapa Stechford, Birmingham, chenye dirisha linalotazama ua wa jirani. Lakini mwezi wa nane mama yake aliuliza huyu Ridwan anafanya nini hasa, nami nikamwambia Najmo amjibu kwamba nauza vinywaji vya asili kwenye matamasha ya vuli. Haukuwa uwongo. Ulikuwa ukweli uliotangulia kidogo.

Sasa masharti. Mama Najmo akiridhika Jumamosi, nitaruhusiwa kupeleka posa. Asiporidhika, yuko Warsame. Warsame ana teksi zake mwenyewe na nyumba yenye bustani mbele na nyuma. Najmo hamtaki. Amesema hivyo waziwazi. Kisha akasema, "Ridwan, please. Mara hii tu, kuwe na kitu."

Hapo aliniuma. Nampenda huyu msichana mpaka chakula kinanishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na chakula.

Ni kweli kuna mambo ya nyuma. Ile biashara ya kuosha magari niliyoifungua Januari, maji yakagandia kwenye vioo vya mteja naye akiwa ndani. Yale mahindi ya kuchoma ya mwaka jana. Yamepita hayo.

Nimewaza mchana kutwa, kumbe jibu limening'inia ukutani. Kibuyu cha nyanya yangu kutoka Isiolo! Mala ya kibuyu, yaani maziwa ya mgando, iliyolala vizuri, yenye harufu ya moshi kama ya wafugaji. Nani Birmingham nzima ana mala ya kibuyu? Hakuna. Niliitangaza habari hii chumbani kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilipochungulia dirishani, Mzee Harjit alikuwa uani kwake akimenya mihogo. Huyu ndiye jirani yangu, tunagawana ukuta. Ni Sikh, mzaliwa wa Kisumu, fundi wa magari aliyestaafu, na Kiswahili chake kinanipita. Kila tamasha anauza mogo, yaani mihogo ya kukaanga yenye pilipili na limau, na foleni yake hujipinda mpaka watu wanasahau wanangojea nini. Mwaka jana foleni hiyo ilisimama mbele ya mahindi yangu niliyochomea chini, bila kibanda, nikafunikwa kabisa. Alisema ilikuwa bahati mbaya. Leo ameniuliza kama Jumamosi nitakuwa Northfield. Nilikohoa tu, nikafunga dirisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempigia Amrita, mwandalizi wa tamasha. Upande wa chakula umejaa tangu Julai. Nilimsihi. Nikamwambia ni jambo la ndoa. Akasema kila mtu humwambia hivyo.

Halafu akasema imebaki nafasi moja. Mama mmoja wa juisi ya tofaa ameteguka mguu. Ila meza yake haiko upande wa chakula. Iko ndani ya hema la vinywaji, kati ya meza ya divai na bwana mmoja anayepika bia kwenye gereji yake.

Niliketi kitandani. Bia mkono huu, divai mkono ule, na Mama Najmo mlangoni. Mama ambaye hata siki huisoma lebo kwa miwani.

Amrita akauliza kama kinywaji changu kimetengenezwa kwa mkono. Nikasema kwa mkono wangu huu. Kina kileo? Nikasema maziwa yangu hayajawahi hata kusalimiana na kileo. Akasema sawa, njoo basi. Nilikuwa nimeshamshukuru ndipo akasema kwamba Mzee Harjit alishamdokeza kuwa nitapiga simu.

Amejuaje? Sijamwambia mtu! Niko peke yangu chumbani, naongea na ukuta. Na bado mzee amejua, tena amewahi, na nafasi iliyopatikana ni hii ya katikati ya walevi. Mambo yameanza kunionyesha sura yake. Nimewekwa hapo makusudi niaibike mbele ya mama mkwe.

Baada ya swala ya alasiri nilimuuliza imamu, kwa kuzungukazunguka, mtu akiuza maziwa jirani na bia hukumu yake ni nini. Akauliza mtu huyo ni mimi? Nikasema ni rafiki. Akasema nimwambie rafiki yangu atafute meza jirani na mikate.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamua. Nitaichukua meza. Hoja yangu ni hii: mama hatatazama waliokaa kando yangu, atatazama foleni. Na walevi hupanga foleni bila kuuliza maswali.

Nimenunua maziwa Alum Rock Road. Mwenye duka aliuliza kama nina harusi. Nikasema bado, ndiyo nanunua maziwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya moshi.

Kazi yenyewe si ngumu, nyanya alikuwa akiifanya huku anaimba. Unachoma kijiti mpaka kiwe kaa. Unatia makaa ndani ya kibuyu, unafunika, unatikisa, moshi unaingia mwilini mwa kibuyu. Unapangusa. Unatia maziwa. Basi. Shida ni kile kijiti. Nyanya alikuwa na mti wake maalumu. Stechford ina mti mmoja tu mtaani kwetu, nao ni wa halmashauri, umepewa hata namba.

Nikanunua mkaa wa nyama choma. Ule wa mfuko unaojiwasha wenyewe, unagusisha kiberiti tu kwenye karatasi. Maendeleo! Nyanya angeupenda. Niliuwashia kwenye sufuria juu ya jiko, nikatia makaa kibuyuni, nikatikisa nikiimba.

Moshi ulitoka mweusi. Sikumbuki moshi wa nyanya kuwa mweusi. Nikawa nautafakari, mara king'ora cha darini kikaanza kulia. Nilikipungia taulo. Kikazidi. Nilikisihi kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Mlango ukagongwa, na ni nani? Mzee Harjit, ana ngazi begani na kitambaa kibichi mkononi. Akapanda, akakizima, akashuka, wala hakuonekana kushangaa. Mtu anakuja na ngazi! Alikuwa ameiandaa.

Akachukua kibuyu, akanusa. Akanusa tena. Akaniambia kwa upole kwamba mkaa huu umelowekwa mafuta ili uwake haraka, kwamba huu hata mafundi wa Kisumu hawachomei mahindi, na nikakioshe kibuyu kwa maji moto nianze upya. Akaenda kwake, akarudi na mfuko wa mkaa wa kuni, mkavu, msafi, unaonukia vizuri. Akasema chukua, kijana.

Nimeuchukua kwa adabu. Kisha nikakaa nikajiuliza. Mwenye foleni ndefu kuliko wote ana haja gani na ubora wa maziwa yangu? Hakuna mtu anayemnolea mshindani kisu. Mkaa ule una kitu. Nimeuweka nyuma ya mlango, unazuia mlango usijifunge. Kibuyu sijakiosha. Maziwa nimeshatia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maziwa yamekataa kulala. Baridi! Isiolo ukiyaweka pembeni yanalala yenyewe, hapa yanakaa macho yananitazama. Mwenye nyumba hawashi joto mpaka Novemba.

Nikakifunga kibuyu kwa koti, nikaenda nacho kazini. Mashine ya gundi huwa na joto zuri upande wa nyuma. Nikakilaza hapo. Msimamizi akaja, akakitazama, akauliza ni ngoma? Nikasema hapana. Akauliza kama kitu hicho kiko hai. Nikafikiri, nikasema kwa namna fulani ndiyo. Akakaa mbali na mashine siku nzima, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe hakuna aliyenisukuma nikunje haraka. Sielewi kwa nini sikuleta kibuyu kazini zamani.

Jioni nilipokitikisa kililia kwa sauti nzito. Yamelala.

Nikiingia nyumbani nilimwona Mzee Harjit akitoka, suti nyeusi ameilaza mkononi, anaipeleka kwa dobi. Suti ya nini? Mtu wa kukaanga mihogo? Nimeliandika jambo hili ili lisipotee.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeonja. Ni Isiolo kabisa! Nilifumba macho nikajiona niko kwetu. Nilipotazama vizuri nilikokuwa, nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta. Lakini bado ilikuwa Isiolo.

Wasiwasi kidogo. Nimeongeza sukari. Sasa ni kituo cha mafuta chenye sukari.

Mzee Harjit amekuja tena. Mara hii kaniacha mdomo wazi. Amesema, hema la bia si pahali pazuri kwangu, anajua nyumbani kwa yule binti ni watu wa dini, na yeye ana meza ndefu upande wa chakula. Nichukue nusu. Mogo upande mmoja, maziwa upande wa pili. Amrita hatakataa.

Kajuaje habari za binti? Nilikuwa nikizungumza na Najmo chumbani kwangu, dirisha limefungwa, ukuta tu ndio uliokuwepo.

Nimeupima mpango wake kwa utulivu. Nusu meza maana yake nusu mtu. Mama Najmo atakuja, ataona mihogo, atasikia harufu ya mihogo, atakula mihogo, na atarudi nyumbani akisema nilimwona Ridwan akimsaidia mzee mmoja wa mihogo. Ndipo Warsame aingie na teksi zake zote. Hapana! Nilimwambia mzee ahsante, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Akatikisa kichwa. Akauliza basi walau kesho anibebe kwenye gari lake. Hilo nimekubali. Kibuyu ni kizito, na adui ni vizuri umwone usoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitajaribu kuyaandika kwa mpangilio, ingawa hayakuja kwa mpangilio.

Njiani Mzee Harjit aliniuliza kama nina mzee hapa, yaani mtu wa kunisemea siku ya posa, kwa kuwa kwetu wote wako Isiolo. Nikamuuliza nani anataka kujua. Akawasha redio.

Hema lilikuwa kubwa, jeupe, nyasi zimeshalowa. Kushoto kwangu mwanamke wa divai, kofia ya majani, chupa zimesimama kwa mstari, na mbele yake ndoo ndogo ya fedha inayong'aa. Kulia bwana wa bia, ndevu mpaka kifuani, mapipa yake kayapa majina ya ajabu. Nimemwita Ndevu. Mimi katikati, kibuyu changu na vikombe vya karatasi. Asubuhi hakuna aliyenijia. Mmoja aliniuliza kilipo choo.

Nikawa natazama meza ya divai. Watu wanamiminiwa kidogo, wanazungusha glasi, wananusa, wanatia mdomoni, wanasukutua. Kisha wanatema! Ndani ya ndoo! Mmoja baada ya mwingine, watu wazima waliovaa vizuri. Na yule mama anatabasamu. Nilimwonea huruma kwa dhati. Divai mbovu kiasi hicho na bado amejipaka rangi ya mdomo. Nilimwambia asikate tamaa, biashara ni subira. Alinishukuru lakini alionekana hakuelewa.

Mchana Ndevu aliinama akaomba aonje. Nikampa. Akafumba macho. Akasema, kwa Kiingereza cha hapa hapa, anasikia moshi, anasikia ngozi, na kitu kama gereji ya zamani siku ya mvua. Nikamwomba radhi. Akasema hapana, hapana, hiyo ni sifa. Akaita wenzake. Wenzake wakaita wenzao. Wote ndevu. Kufumba na kufumbua nina foleni! Inapita mbele ya divai, inatoka nje ya hema, na nikichungulia naona imepinda mbele ya mihogo ya Mzee Harjit. Mahindi yangu yalilipiziwa kisasi. Laiti ningeweza kusimamisha saa.

Lakini nao wakaanza kutema. Wananusa, wanaonja, wanatikisa kichwa kwa heshima, halafu wanageuka, pu, ndani ya ndoo ya jirani. Hapo akili yangu iliganda. Mtu kutema maziwa uliyompa mkononi ni tusi ambalo kwetu watu wamehama mtaa kwa ajili yake. Ila kwetu kulikuwa pia na mzee wa Kiborana, jirani yetu, aliyekuwa akitubariki watoto kwa kututemea matone ya maziwa utosini. Sasa hawa wananitukana au wananibariki? Mbona wanatema kisha wanasema asante? Mbona mmoja ametema kisha akarudi mwisho wa foleni?

Ndevu akamimina mala yangu ndani ya bia yake nyeusi. Sikumruhusu! Alionja, akalia kwa furaha, akaniwekea mkono begani, akainua glasi juu na kutangaza jina langu hema zima. Hema likaitikia.

Nikageuka. Mama Najmo alikuwa amesimama mlangoni, Najmo nyuma yake amejishika shavu.

Mama hakupandisha sauti. Akasogea, akatazama mapipa, akatazama chupa, akatazama mkono wa Ndevu juu ya bega langu, akamtazama mtu mmoja akitema maziwa yangu.

"Ridwan," akasema, "hii ndiyo biashara?"

Ulimi ulinitangulia. Nikasema hii ni kliniki. Nikasema watu hawa ni wagonjwa wa pombe, nawapa maziwa ili waiache, na hapo wanatema pombe ya mwisho mwilini mwao. Ndevu, hajui Kiswahili, akaitikia kwa kichwa na kunywa bia. Najmo akafumba macho. Macho yake niliyaona yakilowa kabla hayajafumbwa, na hapo nilitamani nyasi zinimeze.

Ndipo Mzee Harjit akaingia. Kaacha foleni yake, kaacha karai lake motoni, kashika sahani ya mogo inayofuka. Akamsalimia mama, akauliza wao ni wa wapi nyumbani. Mama akasema Nakuru. Mzee akasema amefanya kazi Nakuru, akaitaja mtaa kwa mtaa mpaka mama akasahau kukunja uso. Kisha akamweleza, polepole, kwamba hapa kitu cha bei watu huonja na kutema ili ulimi ubaki safi kwa kinachofuata, na kwamba hawatukani. Kisha akasema haya, nayaandika kama alivyosema:

"Mama, mimi siwezi danganya wewe. Hii maziwa iko na shida. Na hiyo story ya clinic ni uwongo. Lakini bibi yangu alilala hospitali winter yote, na huyu kijana alimpelekea uji kila siku baada ya kazi. Alikuwa anatembea na thermos kwa theluji. Hakuna mtu alimtuma."

Nilitaka kumkatiza. Mzee hajui ukweli. Nilikuwa nampelekea mkewe uji ili anieleze anavyotia pilipili kwenye mihogo. Ulikuwa upelelezi! Hata alipopona nilikuwa sijapata siri yoyote, tulikuwa tunaishia kuongea habari za Kisumu tu, nami nikaendelea kwenda kwa kuwa upelelezi mzuri huchukua muda.

Mama Najmo alikisogelea kibuyu. Akasema nimpe kikombe.

Nikampa. Hata Ndevu aliweka glasi chini. Mama akasema bismillahi, akapiga funda. Akakaa nalo. Akaniangalia. Kisha akajiinamia, kwa heshima zake zote na baibui lake, akatema ndani ya ndoo ya fedha. Akajipangusa kwa ncha ya mtandio. Akasema, "Haya. Tumeona." Akachukua sahani ya mogo, akaondoka akila. Najmo akageuka mara moja, sikumsoma uso.

Ametema. Kama mteja? Kama mzee wa Kiborana? Kama mtu aliyeonja mafuta ya taa? Watu walinipigia makofi. Sijui walikuwa wanashangilia nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijala. Simu ya Najmo imezimwa. Nimerudia kutema mwenyewe kwenye sinki, kwa kila namna, nione namna gani inafanana na ya mama. Namna ya baraka inahitaji kuinua kidevu. Mama aliinama. Lakini ndoo ilikuwa chini. Je, mtu anaweza kubariki kuelekea chini?

Amrita alipiga. Eti wageni wamekichagua kibuyu changu kuwa kinywaji kilichozungumzwa kuliko vyote. Nikauliza kilizungumzwa vizuri? Akasema kilizungumzwa tu.

Alasiri, Najmo! Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani yake, nikalazimika kukaa sakafuni. Mama amesema kile kitu cha kibuyu kimemkaa kooni mpaka swala ya alfajiri. Amesema pia hajawahi kusikia uwongo mbaya kama ule wa kliniki. Ila amesema Warsame hajawahi kumpelekea mtu uji. Kwa hiyo Jumapili ijayo niende na posa.

Nimepiga sijida papo hapo, simu ikiwa mkononi.

Halafu sharti. Mzee wa kunisemea awe yule yule wa mihogo. Nikamwambia Najmo, lakini si Mwislamu, mama ameona kilemba? Akasema mama ameona. Mama amesema mambo ya dini atayafanya imamu, lakini tabia isemwe na anayeijua, maana asiyekujua hakuthamini. Akamaliza kwa kusema mama ameomba jambo moja tu: tusije na maziwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Harjit. Nilikuwa nimepanga njia ya kumwomba bila kuonekana naomba. Ningeanza na habari za hali ya hewa, nipitie mihogo, nifike kwenye posa kama kwa bahati. Nilisema tu leo kuna baridi, akasema sawa, Jumapili saa ngapi?

Suti ilikuwa imening'inia mlangoni kwake, safi, imenyooshwa. Ile ya Alhamisi. Alhamisi! Kabla ya tamasha, kabla mama hajaonja, kabla sharti halijatoka! Sasa nimeelewa yote. Alipanga tangu mwanzo. Ameniondoa kwenye hema la vinywaji kwa kuniozesha, maana mwanamume mwenye mke hana muda wa kushindana naye mwakani. Mzee ni hodari, lazima niseme. Mkewe alinikumbatia, akanieleza hatimaye siri ya pilipili yao bila hata kuulizwa, nami sikusikiliza kwa sababu nilikuwa nafikiria suti.

Liko jambo moja la kutatua. Mama amesema tusije na maziwa. Nimeligeuza usiku na mchana. Mtu akikualika akasema usije na kitu, uende mikono mitupu? Hata mtoto mdogo anajua. Husemwa kwa adabu, na wewe kwa adabu unakwenda na kitu. Kadiri anavyokataza ndivyo anavyotaka. Tena alikaa nacho kooni mpaka alfajiri, maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo nimenunua mkaa. Ule ule unaojiwasha, kwa kuwa ladha aliyoikumbuka haifai kubadilishwa. Mfuko wa mzee bado uko nyuma ya mlango. Kibuyu kimoja hakitoshi posa, nimepata kingine kwa Mkenya mmoja Saltley, kikubwa zaidi. Dirisha nimelifunga ili moshi usipotee.

Umeanza vizuri. Mweusi, mzito. King'ora nacho kimeanza. Naandika huku napunga taulo kwa mkono wa kushoto.

Mlango unagongwa. Nasikia ngazi ikigusa ukuta. Huyu mzee, jamani, hachoki kunifuatafuata.